Kununua na Kutunza Modeli za Zamani za Vichwa vya Treni vya Shaba: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Modeli ya kichwa cha treni iliyoundwa kwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, si kitu cha kuchezea watoto wala si pambo la kabati tu. Ni mashine ndogo yenye mota, gia, ekseli na vipande vingi vilivyolehemewa kwa mkono, na nyingi kati ya zinazouzwa leo zimeishi miaka arobaini au zaidi kabla ya kumfikia mnunuzi wa sasa. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuimiliki na kuiendesha vizuri, lakini anakabiliwa na mambo mawili yasiyomsumbua sana mwenzake wa nchi za baridi: anainunua bila kuishika mkononi, kwa kuwa soko lake liko ng'ambo, na anaihifadhi katika mji wa pwani wenye chumvi na unyevu hewani karibu mwaka mzima. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mnunuzi atafute mashine iliyo nzima na isiyochezewa, kisha aiguse kidogo iwezekanavyo na kuweka nguvu zake katika mahali inapolala.

Hatua ya kwanza: kujua ilikotoka

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani walianza kununua treni ndogo zilizotengenezwa na mafundi wa huko, na duka la Tenshodo la mtaa wa Ginza, Tokyo, ambalo huuza pia vito na saa, likawa miongoni mwa majina ya mwanzo kupata sifa. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni za Marekani zikajenga biashara ya kuagiza modeli hizo kwa mafungu madogo. Iliyovuma zaidi ni Pacific Fast Mail, ambayo wapenzi wa modeli huifupisha PFM, iliyokuwa na makao yake Edmonds katika jimbo la Washington na kuuza kazi nyingi zenye jina la United. Wengine ni Balboa, Westside, na baadaye Overland na Key. Kwa Ulaya jina kubwa lilikuwa Fulgurex ya Lausanne, Uswisi.

Sababu ya kazi hii kushamiri Japani ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko kitu kingine. Tangu mwaka 1949 hadi 1971 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa yeni 360 bila kupanda wala kushuka, na saa nyingi za kazi ya mikono zikawa nafuu kwa mnunuzi wa Marekani. Yeni ilipopanda thamani, kazi ilihamia Korea Kusini, katika karakana kama Samhongsa na Ajin, na miaka ya baadaye ikafika China. Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi, kwa sababu mahali na wakati wa utengenezaji humweleza ategemee nini ndani ya modeli. Kazi za Japani za miaka ya 1950 na 1960 zina vipambo vichache na mota za fremu wazi, zile ambazo sumaku na waya wake vinaonekana kwa macho, lakini fremu zake ni nene na zinavumilia matengenezo. Kazi za Korea za miaka ya 1980 zina vipambo vya kupendeza zaidi na mota zilizofungwa ndani ya kopo, ila vichwa vya dizeli vya kundi hilo vina udhaifu unaojulikana sana wa gia za plastiki kupasuka kwenye ekseli. Kwa maoni yangu, anayeanza atafute injini ya mvuke ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au ya 1970, hata kama picha ya dizeli ya Korea inamvutia zaidi.

Hatua ya pili: kuchagua kipimo kinacholingana na nyumba

Kipimo kinachopatikana kwa wingi ni HO, ambamo kila kitu kimepunguzwa mara 87 na njia yake ina upana wa milimita 16.5. Upana huo unalingana na reli halisi ya milimita 1,435, ile inayotumiwa na SGR yetu kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Reli ya Kati ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja, na TAZARA ina milimita 1,067. Zote mbili zikipunguzwa mara 87 huangukia karibu na milimita 12, kwa hiyo mpenzi wa reli hizo asinunue njia za milimita 16.5 akidhani zitamfaa.

Wengi wetu tungependa kuanza na injini ya nyumbani, hasa zile Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizoundwa na Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Mount Gelai na Mount Shengena bado ziko katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya modeli za shaba ni za reli za Marekani, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wateja, na anayeapa kwamba hatanunua chochote isipokuwa injini ya Afrika Mashariki atasubiri sana.

Baada ya kipimo, pima chumba. Kona za seti za kawaida za HO zina nusu kipenyo cha milimita 457 hivi. Injini kubwa, kama ile yenye magurudumu kumi ya kuendeshea kwenye fremu moja, huhitaji milimita 760 au zaidi, na ikilazimishwa kwenye kona kali, magurudumu yake ya mbele hugusa silinda au vyuma vya breki na kusababisha shoti, maana mwili wote wa shaba unapitisha umeme. Kwa anayeishi katika fleti ya Upanga au chumba cha Kariakoo, chaguo la busara ni injini ya aina ya Shay, iliyobuniwa na Mmarekani Ephraim Shay kwa ajili ya kuvuta magogo msituni na kupewa hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Silinda zake zimesimama wima upande wa kulia, na mhimili mrefu unaozunguka hupeleka nguvu kwa gia hadi kwenye magurudumu yote, hivyo hupita kona kali bila taabu na huenda taratibu kiasi kwamba meza ya mita moja na nusu huonekana kuwa safari.

Hatua ya tatu: kusoma tangazo na picha

Hatua hii ndiyo inayookoa au kupoteza fedha, kwa hiyo isiharakishwe. Muuzaji anapoandika kwamba modeli ni kama mpya, mara nyingi anazungumzia sura ya nje tu, na anapoandika kwamba haijawahi kuendeshwa, anamaanisha pia, pengine bila kujua, kwamba grisi iliyomo ndani imekaa miongo kadhaa na sasa ni ngumu kama nta. Muombe picha za pande zote mbili, juu, ndani ya kibanda cha dereva, sehemu ya chini ya injini, sehemu ya chini ya kibehewa cha makaa na maji, na lebo za boksi. Akikataa kupiga picha ya chini, achana naye kwa heshima, kwani upande wa chini ndio usiodanganya.

Katika picha hiyo ya chini, tazama vichwa vya skrubu kwanza. Mfuo wa skrubu ukiwa umekwanguliwa au kupanuka, modeli imefunguliwa na mtu mwenye bisibisi isiyofaa, na huenda kuna mengine aliyoyafanya. Kisha tazama sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli: magurudumu mengi yalipakwa tabaka jeupe la nikeli, na ikiwa rangi ya njano imeanza kujitokeza, injini imetembea sana, hata kama boksi lake linang'aa. Kutembea si dosari, lakini bei isiwe ya injini iliyokaa kabatini.

Omba pia video fupi inayoionyesha ikienda polepole juu ya njia, mbele na nyuma. Sikiliza na utazame kama inachechemea mara moja katika kila mzunguko wa gurudumu. Pini za fito zinazounganisha magurudumu za upande mmoja zinatakiwa kutangulia zile za upande wa pili kwa nyuzi 90, na gurudumu moja likiteleza kwenye ekseli, mpangilio huo huharibika na fito huanza kubana. Marekebisho yake yanawezekana, ila yanahitaji kifaa maalumu na fundi mtulivu, kwa hiyo anayenunua kwa mara ya kwanza asijitwishe mzigo huo.

Rangi ya shaba yenyewe inasomeka. Modeli nyingi ambazo hazijapakwa rangi zilitoka karakana zikiwa na vanishi angavu, na vanishi iliyozeeka kwa usawa, ikawa na rangi ya asali, haina tatizo lolote. Wasiwasi uwe juu ya madoadoa meusi yaliyotawanyika chini ya vanishi na juu ya ukungu wa kijani kwenye maungio, kwa kuwa hizo ni dalili za ulikaji unaoendelea. Alama za vidole zilizogeuka kahawia haziondoki bila kuondoa vanishi. Modeli iliyopakwa rangi na fundi stadi inaweza kuwa na thamani kubwa, lakini iliyopakwa na mtu wa kujifunza hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na kuiondoa rangi hiyo ni kazi ya wiki nzima na harufu ya kemikali ndani ya nyumba.

Hesabu vipande kwa kulinganisha na picha za modeli nyingine ya toleo lilelile: kengele, honi, ngazi, vishikio, taa, vibanio vya kuunganishia mabehewa. Hakikisha pia kwamba kibehewa cha makaa ni cha injini hiyohiyo, kwa sababu katika modeli hizi injini huchukua umeme kutoka reli moja na kibehewa huchukua kutoka reli ya pili, kisha umeme hukutana kwenye mota kupitia fito ya kuunganishia. Kibehewa cha kuazima kinaweza kuwa na magurudumu yaliyokingwa umeme upande usiofaa, na injini isisogee kabisa.

Jambo la mwisho la kuuliza ni kama kuna sehemu zilizomwagwa kwa aloi ya zinki badala ya shaba, kwa mfano fremu za magurudumu madogo au kasha la gia. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa huvimba na kupasuka kutoka ndani baada ya miaka mingi, na unyevu huuharakisha ugonjwa huo. Hauna dawa. Nyufa nyembamba zinazofanana na utando juu ya chuma cha kijivu zinatosha kuacha ununuzi.

Hatua ya nne: bei, malipo na forodha

Usiamini bei zinazotajwa katika matangazo. Angalia bei ambazo modeli ya aina hiyohiyo imeshauzwa kweli katika minada ya mtandaoni kama eBay, na utofautishe yenye boksi lake la awali na isiyo nalo. Lipa kwa njia inayomlinda mnunuzi, na uepuke kutuma fedha moja kwa moja kwa mtu usiyemjua, hata akikupunguzia bei.

Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, modeli za kupimia za namna hii huingia katika kichwa namba 95.03, pamoja na vitu vya kuchezea. Kabla ya kulipa, mpe wakala wa forodha namba hiyo pamoja na jumla ya bei, usafiri na bima, akukadirie ushuru wa kuingiza bidhaa, VAT ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na tozo nyingine. Miongoni mwa tozo hizo iko ile ya maendeleo ya reli, ambayo nadhani mpenzi wa treni ndiye anayepaswa kunung'unika kidogo kuliko wote. Usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye hati. Mzigo ukipotea, bima hulipa kiasi kilichoandikwa, na TRA wana uwezo wa kutazama tangazo lilelile uliloliona wewe.

Mwelekeze muuzaji namna ya kufunga. Injini na kibehewa vitenganishwe, kila kimoja kifungwe kwa plastiki laini na safi, kisha karatasi laini, ndipo kiingie kwenye boksi lake, na boksi hilo liingie katika boksi kubwa lenye vijazio pande zote. Sponji ya zamani isigusane na shaba. Sponji hiyo huoza kwa umri, hugeuka unga unaonata, na huacha madoa yanayokula vanishi. Muuzaji aitoe kabla ya safari, lakini akutumie boksi na lebo zake.

Hatua ya tano: siku mzigo unapofika

Kifurushi kilichotoka kwenye ndege au katika ofisi yenye kiyoyozi kikali kikifunguliwa papo hapo katika joto la Dar es Salaam, chuma baridi hukusanya umande kama glasi ya maji ya barafu. Kiache kimefungwa hadi kesho yake. Ukikifungua, piga picha kila tabaka, vaa glavu za pamba, na uishike modeli kwenye fremu, si kwenye vipambo. Usijaribu kusukuma magurudumu kwa kidole: mota imeunganishwa na ekseli kwa gia ya mfano wa skrubu, ambayo huizungusha gia ya duara lakini yenyewe haizungushwi nayo, na nguvu ya kidole huishia kukunja fito.

Hatua ya sita: kuifungua na kuilainisha

Hata kama inaonekana safi, usiiwashe kabla ya kuitazama ndani. Katika injini nyingi za mvuke, bomba kubwa la mwili hushikwa na skrubu moja au mbili za mbele, kati ya silinda, na nyingine za nyuma chini ya kibanda. Tumia bisibisi inayojaa mfuo wa skrubu sawasawa, piga picha kwa simu katika kila hatua, na uweke kila skrubu kwenye tundu lake la trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa, kwa sababu zinafanana kwa macho na hutofautiana kwa urefu.

Ndani utakuta mambo matatu. La kwanza ni grisi ngumu ndani ya kasha la gia. Itoe kwa kijiti na brashi laini iliyochovywa katika spiriti nyeupe ya kusafishia, kausha, kisha weka grisi mpya isiyodhuru plastiki, kiasi cha punje ya mchele. La pili ni kipande cha mpira kinachounganisha mhimili wa mota na gia, ambacho kwa umri huu karibu kila mara kimekakamaa au kupasuka. Kibadilishe kwa mpira wa silikoni wa kipenyo kilekile. Wauzaji wa vifaa vya matangi ya samaki huwa na mipira midogo inayofaa. La tatu ni mota. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi kwa ncha ya sindano, uyazuie mafuta yasifike mahali pa brashi za kaboni, ambako huchanganyika na vumbi la kaboni na kuwa tope linalopitisha umeme. Katika mota za fremu wazi, usichomoe kamwe sehemu ya katikati yenye waya. Sumaku nyingi za zamani ni za aloi ya alumini, nikeli na kobalti, na zikiachwa bila chuma katikati ya ncha zake hupoteza nguvu. Mota iliyodhoofika hivyo hula umeme mwingi zaidi na kupata joto bila kuvuta kitu. Dawa za kupuliza zinazouzwa kwa ajili ya kulegeza kutu zisitumike humo ndani hata kidogo.

Ikiwa kazi inazidi uwezo wako, mtafute fundi saa, si sonara. Fundi saa amezoea skrubu ndogo na mafuta machache. Sonara ni hodari wa moto, lakini vipande vya modeli vimeshikwa kwa risasi ya kulehemea inayoyeyuka karibu na nyuzi joto 190, na moto wa kulehemea dhahabu ukielekezwa kwenye kishikio kimoja unaweza kudondosha vipande kumi vya jirani. Kipande kilichong'oka kirudishwe kwa pasi ya kulehemea yenye ncha safi, kwa muda mfupi, huku pamba mbichi ikiwa imewekwa juu ya maungio ya karibu ili kuyapoza.

Hatua ya saba: umeme

Modeli hizi za HO hutumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa hadi volti 12. Kabla ya kuiweka kwenye njia, gusisha waya za betri ndogo ya volti 9, mmoja kwenye injini na mwingine kwenye kibehewa, uone kama mota inazunguka bila kukwama. Kifaa cha kuongozea kilichotoka Marekani kimeundwa kwa volti 120 na cha Japani kwa volti 100; ukikichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 kitaungua mara moja, kwa hiyo nunua cha volti 230 au utumie transfoma ya kushushia. Kwa kuwa umeme wa TANESCO hukatika na kurudi kwa kishindo, kiweke nyuma ya kilinzi cha voltiji kama unavyofanya kwa friji.

Pima ampea kwa multimita. Mota za fremu wazi huweza kula ampea moja au zaidi zikizuiwa, na hili ndilo linalofanya kuziwekea dikoda ya kidijitali, yaani kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachoongoza mota kwa amri, kuwe kazi ya tahadhari, maana dikoda ndogo haivumilii kiasi hicho, na isitoshe mara nyingi brashi moja ya mota imeunganishwa na fremu na ni lazima itengwe kwanza. Mwenye injini moja au mbili hapungukiwi na chochote akibaki na mfumo wa kawaida.

Hatua ya nane: kusafisha bila kung'arisha

Hapa ndipo mazoea yetu ya nyumbani yanapoleta hasara. Dawa za kung'arishia shaba tunazopakia birika na vinara zina chembe za kusugua, na baadhi zina amonia. Chembe hizo huondoa vanishi, hulainisha kingo za ribiti ndogo, na kuacha unga mweupe ndani ya kila kona usiotoka tena. Amonia ina ubaya wake wa pekee: katika enzi za ukoloni, jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda ya shaba ya risasi yakipasuka yenyewe majira ya mvua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba amonia iliyotoka katika mikojo ya farasi, pamoja na unyevu, ilikuwa ikishambulia shaba iliyokuwa bado na mkazo wa kukunjwa kiwandani. Modeli imejaa bati jembamba lililokunjwa kwa namna hiyo, na Dar es Salaam haikosi unyevu.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya manyoya, ukisaidiwa na pumpu ya mkono ya kupulizia lenzi za kamera. Mafuta yaliyotapakaa nje yafutwe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti nyeupe kidogo, baada ya kujaribu kwanza chini ya kibehewa kuona kama vanishi inastahimili. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha vanishi, kwa hiyo ikae mbali. Magurudumu yafutwe kwa alkoholi ya isopropili, bila msasa wa aina yoyote, kwani mikwaruzo hukusanya uchafu upya. Ukungu wa kijani uking'ang'ania, ukwangue taratibu kwa kijiti cha mianzi, futa kwa maji yaliyotoneshwa, kausha mara moja kwa upepo wa vuguvugu, na uridhike na doa litakalobaki.

Hatua ya tisa: kuihifadhi dhidi ya hewa ya bahari

Anayeishi Masaki, Upanga au Kigamboni ana chumvi hewani karibu kila siku, iwe ni kaskazi au kusi inayovuma. Wa Kimara anayo kidogo, lakini unyevu wa masika wanaugawana wote. Kwa hiyo rafu iliyo wazi, hasa ya karibu na dirisha, haifai kabisa. Iweke modeli katika kabati la kioo lenye mlango unaoziba kwa ukanda wa mpira wa silikoni, au katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo. Ndani ya chombo hicho lenga unyevu usiozidi asilimia 50, kiwango ambacho unyevu wa chumba cha kawaida cha Dar es Salaam haushuki kukifikia. Chagua silika jeli inayobadilika kutoka rangi ya machungwa, na ikishabadilika uirudishe nguvu katika oveni kwa nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa chache; wakati wa masika itakulazimu kufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Kiyoyozi peke yake si ulinzi. Chumba kinachopozwa usiku na kuachwa kipate joto mchana hupitisha chuma katika umande kila siku, na ni heri chumba chenye joto la kudumu na chombo kilichofungwa vizuri. Jihadhari pia na vitu vinavyotoa mvuke wa asidi ndani ya kabati: plaiwudi mpya, mbao za unga zilizobanwa kwa gundi, na vanishi ambayo haijakauka sawasawa. Mvuke huo hushambulia kwa haraka zaidi vipande vya risasi ambavyo mafundi waliviweka ndani ya injini ili kuongeza uzito, na risasi ikigeuka unga mweupe huvimba na kusukuma bati la shaba. Mipira ya kufungia noti ina salfa, hivyo isitumike kushikia kitu chochote kinachogusa modeli.

Boksi la awali nalo linahitaji ulinzi, na adui yake hapa ni mchwa na mende. Liweke katika mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta. Badala ya sponji iliyotolewa, kata sponji mpya ya polithini nyeupe kwa umbo lilelile, na uzungushie modeli karatasi laini isiyo na asidi.

Hatua ya kumi: kuiendesha na kuiandikia daftari

Modeli isiyotembea hugandamana mafuta, kwa hiyo iendeshe dakika kumi mbele na kumi nyuma kila baada ya miezi miwili hivi, kwa mwendo wa polepole, na uache ipoe kabla ya kuirudisha kabatini. Tone jipya la mafuta linahitajika tu pale sauti inapobadilika. Mafuta mengi hutiririka hadi kwenye magurudumu na kuifanya iteleze.

Katika daftari andika jina la karakana, kampuni iliyoagiza, namba yoyote iliyogongwa chini ya fremu, tarehe na bei ya ununuzi, pamoja na kila sehemu iliyobadilishwa. Hifadhi sehemu za zamani ulizozitoa, hata zilizoharibika, katika mfuko ulioandikwa, na risiti ya forodha uiweke pamoja nazo, kwa sababu mnunuzi wa baadaye aliye nje ya nchi ataomba kuziona, na bila risiti hiyo utapata taabu kuthibitisha kwamba modeli iliingia nchini kihalali.